Kina Nani Wako Majini

Benchi letu liko juu ya ngazi za bwawa, pale machimbo ya zamani ya mawe yalipojaa maji, na kila asubuhi kabla ya kufungua kazi tunakunywa kahawa hapo huku tukiwasema watu. Tuko wanne. Betri, fundi simu. Ripoti, karani mstaafu ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Kinyozi, ambaye binti yake huogelea humo kila siku kabla ya kwenda kazini kwa dobi. Na mimi, fundi viatu, mwoga wa maji tangu nizaliwe, wala sioni haya kulisema. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, ngazi tano tu ndizo zilizoonekana, na Betri alikuja na kidude kipya. Ni kimpira kama chungwa: unakifunga kwenye mshipi, unakirusha, kinaelea, na bila waya wowote kinakuletea kwenye simu picha ya kilichoko chini.

— Haya, kimeshaanza kuona, akasema Betri.

Ripoti akavaa miwani.

— “Kina sita.” Kina nani hao sita? Kuna watu humo?

— Kina, mzee! Urefu wa kwenda chini! Mita sita. Nimekiweka Kiswahili ili na nyinyi mfaidi.

— Mimi nimezoea kina mama na kina baba.

Tukacheka. Simu ikalia, ti, ti, na doa jeusi likatokea kwenye kioo.

— Samaki huyo! nikasema.

— Samaki hutokea mdogo kama kijiko, akasema Betri. Huyu katokea kama mlango.

— Gogo, akasema Kinyozi.

— Gogo linatembea?

Maana lilikuwa linatembea. Polepole, likipanda, kuja upande wetu. Kina tano.

— Simba mwendapole ndiye mla nyama, akasema Ripoti.

— Mzee, hiyo ni ya kusifu subira.

— Kwani huyo hana subira? Sikilizeni. Hapa maji yalipobubujika, mtambo wa kuchimbia haukutolewa. Chuma kikikaa majini miaka thelathini, kinapata akili.

— Chuma hakiogelei!

— Mimi nasema kambare, nikadakia. Kambare hazeeki, anakua tu. Na chakula kikimwishia huko chini...

Sikumaliza, kwa sababu Kinyozi alikuwa amesimama.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Ripoti akaendelea, hajali. Na wa mvunguni akitaka cha juu je? Anainuka.

Kina nne.

— Binti yangu yumo, akasema Kinyozi.

Sauti yake sikuitambua. Akanyoosha kidole: ngazi ya tatu, kandambili za binti, zimepangwa pamoja.

— Mama! akaita kwenye ukungu. Mama, toka majini, mwanangu!

Halafu, huko ndani, chubwi.

Betri akajipiga paja.

— Jamani, sisi wajinga! Si ndiye yeye! Kidude kimemwona binti anaogelea, sisi tunahangaika na kambare!

— Mita tatu chini? nikauliza, maana kioo sasa kilisoma kina tatu.

— Anapiga mbizi, fundi. Vijana hawa.

Kinyozi akaketi. Kahawa ikammwagikia gotini, na akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tukacheka naye.

— Nilisema tangu mwanzo ni mtu, akasema Ripoti. Kina nani, niliuliza, mkanicheka.

Sijawahi kunywa kahawa tamu kama ile.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia kwa mazoea, macho bado kwenye simu.

Kisha tukageuka. Alikuwa amesimama upande wa barabara, koti la kazini mwilini, mkoba begani, nywele kavu.

— Baba, mbona unanitazama hivyo? Leo siogelei, nimechelewa kuamka. Nimepita kuchukua kandambili zangu, nilizisahau jana.

Akainama juu ya bega la Betri, akakisoma kioo. Kina moja. Doa lilikuwa limejaa kioo kizima, na lilikuwa limesimama.

— Kwani leo kina nani wako majini?

Ripoti akavua miwani, akaifuta, hakuivaa tena. Betri aliacha mshipi ukalegea mkononi. Kinyozi alimshika binti yake kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili, kama alivyomshika alipokuwa anajifunza kutembea, akawa anarudi naye nyuma, hatua moja moja.

Chini yetu maji yakapanda taratibu hadi ngazi ya tatu, yakazilowesha kandambili. Hakuna aliyeshuka kuzichukua.