Mboni za Klavdia Rodionovna

Wafiwa, majirani, nanyi wenzake wa ghalani mliokaa karibu na mlango kwa mazoea, familia imenituma mimi, Arkadi, kaka wa mjane, nisome historia ya shemeji yangu, kwa kuwa wanadhani mimi sitalia.

Zakhar Lukich Pyatnov alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, kijiji cha Malaya Gorka, mtoto wa tatu wa mfuga nyuki, akasoma hapohapo hadi 1963, kisha akajiunga na chuo cha jeshi cha kinga dhidi ya kemikali, akahitimu akiwa wa pili, jambo alilotukumbusha kila sikukuu.

Septemba 1969 aliajiriwa mkaguzi wa usalama katika ghala letu la mabomu ya sumu ya neva, akatumikia miaka thelathini na saba, na ole wake aliyeiita sumu ile gesi, angeketishwa aelezwe kwamba ni kimiminika, kwamba huenda usiione wala kuinusa, kwamba tone dogo kwenye ngozi laweza kuua, kwamba mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutuama mashimoni, na kwamba mtu aliyeivuta hutokwa makamasi, hubanwa kifua, na mboni za macho humsinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Kwa sababu ya mvuke huo hakuwahi kushuka kwenye shimo la kuhifadhia viazi nyumbani kwake, dada yangu ndiye aliyebeba viazi maisha yote, na kwa sababu ya mboni hizo hakumsalimia mtu kabla ya kumchungulia machoni, hata padri.

Ndoa yake ilianza kwa kosa. Februari 1972 dada yangu Klavdia, karani wa stoo, alifika kazini na mafua, makamasi yakimtiririka, mboni zimesinyaa kwa mng'ao wa theluji, Zakhar akamtazama mara moja tu, akapiga king'ora, akamdunga pajani atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, na watu arobaini wakavuliwa nguo na kuoshwa kwa maji baridi, baadhi yenu mpo hapa na mnaikumbuka siku hiyo. Sasa, asiye na sumu akidungwa dawa ile mdomo humkauka, moyo humwenda mbio, mboni humpanuka, sawasawa na mtu aliyependa, na katika hali hiyo dada yangu akamwona Zakhar ameinama akimkodolea macho, basi, kwisha habari yake.

Walifunga ndoa tarehe 6 Mei 1972, wakajaliwa Savva mwaka 1974 na Zinaida mwaka 1977, lakini miaka yote hiyo, kila wakigombana, Zakhar alikuwa na neno lilelile, "Wewe hukunipenda, Klava, ilikuwa sindano," naye hujibu, "Hebu kalete viazi kwanza," sisi tukacheka, na yeye, maskini, hakucheka.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, si kwa sumu, kwa mafuta ya nguruwe ya kila asubuhi, na juzi, tarehe 2 Novemba 2019, hospitalini, aliomba pazia lifunguliwe, maana mwanga husinyaza mboni, ili kipimo kiwe cha haki, akamvuta mkewe karibu, akamchungulia.

"Mboni mbona kubwa hivi, Klava? Nani kakudunga?"

"Hakuna aliyenidunga, mzee wangu. Na mafua sina."

Akaagiza kipimo kirudiwe, kikarudiwa, akatabasamu, na baada ya nusu saa akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ghalani, na majirani mliochimba kaburi kule juu kilimani, kwenye ardhi iliyoganda, kama alivyoagiza.

Shemeji, hilo ndilo shimo la kwanza utakaloshuka, usiogope, hewa tumeipima, ni safi, vua barakoa yako, pumzika kwa amani.