Kigae cha Chungu

Nikutegee kitendawili: kizima kinapika uji, kikivunjika kinamhamisha mkubwa mji. Umeshindwa? Mwalimu Msengi alikitegua ndani ya basi la Ulemo kwenda Singida, tena bila kuulizwa.

Bi Marietha, mwanakijiji mwenzake aliyekaa naye kiti kimoja, alikuwa amejaa hasira. Jana mkutano wa kijiji, kwa kura ya kunyoosha mikono, ulimruhusu mwenyekiti kuzungushia kisima cha wote uzio kiwe chake. "Wametuzidi mkono mmoja tu, baba. Sasa wajukuu zangu watachota maji bondeni, kwenye fisi."

"Pole, mama. Wagiriki wa kale wasingekubali," mwalimu akasema, akiweka miwani sawa. "Mkubwa akizidi, kila raia aliandika jina la anayetaka ahamishwe kwenye kigae cha chungu. Vigae vikitosha, anahama miaka kumi!"

"Na wanawake waliandika?"

"Hapana, mama. Wanaume tu, wasio watumwa."

"Basi mimi nimewapita hao Wagiriki wako. Jana nilinyoosha mkono mpaka bega likauma. Wewe ulikuwa wapi?"

Mwalimu akahamia kwa Warumi. Marietha akamsikiliza kwa adabu mpaka Warumi wakaisha, kisha akapaza sauti: "Nimekuuliza, mwalimu. Jana ulikuwa wapi?"

Abiria wa mbele wakageuka. Basi likasimama stendi.

"Nilikuwa nyumbani, mama," mwalimu akajibu, akitazama viatu vyake. "Nilikuwa nasahihisha mtihani. Swali la kwanza lilihusu wajibu wa raia."