Kidoti cha Kijani

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe uliyesimama mlangoni keti, maana sauti yangu haifiki mbali tena.

Kompyuta ya dukani isiuzwe. Kifungua mimba wangu, najua kwako ni takataka, na ulipotufungia ule mfumo wa mtandaoni ulifanya kwa moyo safi, ili huko mjini uone dawa za mifugo zilizobaki bila kunisumbua. Lakini mtandao wa huku huja unapotaka, na mvua ikinyesha hauji kabisa. Siku ile jirani yetu mjane alipokuja mbio, nilitaka kuona ng'ombe wake alichomwa sindano gani mwanzo, nisije nikamchanganyia dawa, na kwenye kioo kulikuwa na kiduara kinazunguka tu. Akaniuliza, "Mzee, hicho kitasimama lini? Ng'ombe wangu yeye ameshalala." Ng'ombe akafa. Kesho yake nikarudia programu ya zamani, iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, isiyongoja ruhusa ya mtu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ule mfumo wa mtandaoni ulikuwa na kidoti cha kijani kando ya jina langu. Mkikiona kinawaka mlijua baba yuko dukani, mzima, mkaendelea na shughuli zenu. Simu zikapungua, kisha zikakoma. Nilikuwa nikishafunga mlango nabaki mbele ya kioo, nimekiacha kinawaka, nikijua mnaniona, nami sioni mtu. Tangu mama yenu aondoke, humu ndani kilichokuwa kikinguruma ni jokofu la chanjo tu.

Niliporudia programu ya zamani kidoti kikazimika, mkaja wote watatu mnahema, mkanikuta napanga chupa. Sikukizima ili mje, Mungu ni shahidi. Ila nilipoona viatu vyenu mlangoni nilitamani ningekizima mapema. Mkalala, mkaondoka. Leo mmekuja tena, na safari hii mlichokihofia ndicho.

Binti yangu, duka ni lako. Mtandao ukiwepo, agizia dawa kwa mfumo wa kaka yako. Mwenye mnyama mgonjwa akiwa mlangoni, fungua ile programu ya zamani. Kila ukifunga duka, nakili kumbukumbu kwenye flashi uende nayo nyumbani, maana kompyuta nayo hufa. Msigombane tena kwa hilo. Kitinda mimba, redio ya mama yenu chukua wewe, uliizoea.

Nanyi mnaorudi mjini, dada yenu anabaki peke yake. Msimtazame kwenye kioo. Mpigieni, msikie kama sauti yake imekauka, msikie kama amekula.

Mungu awatunze... awakalishe pamoja hata mkiwa mbali. Nipeni maji kidogo. Basi... yanatosha.

Huu mkono wa nani? Usiniambie. Uache tu hapa.