Vuta Karibu, Benchi Linapona

"Taarifa ya Kusudio la Kuondoa Kizuizi Kisicho Rasmi cha Kukalia, Awamu ya Kwanza." Ndivyo karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ilivyoliita benchi letu. Awamu ya pili haikutajwa. Tulihisi ni sisi wenyewe. Benchi liko kwenye kona, mbele ya duka la baiskeli, miguu yake ikichungulia mtaro, na pembeni yake Bi Birika amekuwa akiuza kahawa tangu sisi tukiwa na nywele. Asubuhi hiyo alimimina vikombe bila kumtania mtu, na hilo lilitutisha kuliko karatasi. Benchi likienda, naye anakwenda, maana kahawa hunywewa na waliokaa; aliyesimama ana haraka, na mwenye haraka hanywi cha pili. Ndipo akaja afisa mwenyewe, kijana mwenye adabu, kompyuta kaibana kwapani, kutupatia alichokiita haki ya kusikilizwa. Tukamsogezea nafasi. Akakaa juu ya kizuizi.

— Wazee wangu, ramani haina chuki na mtu, alisema, akiifungua kompyuta mapajani. Huu mstari mwekundu ndio mpaka wa barabara. Kilichoguswa na mstari kinaondoka. Benchi lenu hili hapa, limefunikwa lote.

— Hilo ndilo benchi? aliuliza Spana, mwenye duka la baiskeli, mikono imejaa grisi. Mbona kama chawa? Hebu vuta karibu, mwanangu.

Afisa akakuza picha. Mapaa yakavimba, barabara ikatanuka, benchi likajitokeza na mbao zake. Mstari peke yake haukunenepa. Ulibaki mwembamba vilevile, na sasa ulikuwa umepita kati ya benchi na mtaro, haujagusa hata msumari.

— Limepona! Spana alipiga kofi.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Nahau, karani mstaafu wa shule, ambaye methali zake zote ni sahihi ila hazijawahi kufika mahali pake. Kijana, rudisha mbali tuone.

Afisa akarudisha. Benchi likamezwa.

— Limekufa.

— Vuta!

— Limefufuka!

— Rudisha!

— Poleni wafiwa.

— Jamani, alisema Bi Birika, birika limesimama hewani, msilivute benchi hivyo. Nina moyo mmoja tu.

Spana akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue nadharia inakuja.

— Mimi nimeshaielewa hii mashine. Ndani ina ngazi. Ukirudisha mbali, inapanda, ukivuta, inashuka. Sasa ikifika juu kule inapata kizunguzungu, mkono unatetemeka, mstari unaangukia popote. Tatizo ni woga tu.

— Woga wa nini, Spana? Nahau alimcheka. Huo ni mstari wa cheo. Nimekaa ofisini maisha yangu yote, naijua mistari. Mkubwa akitazama kutoka juu, mstari unakuwa mnene, unafunika watu. Mdogo akitazama kwa karibu, unakuwa mwembamba, kila mtu ana nafuu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Mtoto gani tena?

— Mstari!

— Wazee, mstari hauna cheo, alisema afisa. Huu ni mfumo.

Neno mfumo tulilimeza kwa funda moja la kahawa.

— Haya, rudisha mbali zaidi, huko mfumo uliko, alisema Spana.

Afisa, kwa kuwa alikuwa na adabu, akarudisha. Mstari ukala duka la baiskeli. Ukala kinyozi na viti vyake. Ukapanda mtaa wa juu, ukalala juu ya jengo kubwa lenye paa la kijani.

— Hilo la kijani ni la nani?

Afisa alikohoa.

— Ni ofisi yetu.

— Imeguswa!

— Imeguswa kwa mwonekano tu, baba.

— Na sisi tumeguswa kwa nini? Kwa mkono?

— Ofisi nayo ni kizuizi cha kukalia, Nahau alitoa hukumu. Nimekwenda pale mara nyingi, sijawahi kuwakuta wamesimama.

Hata Bi Birika alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile, na afisa naye akacheka kabla hajakumbuka kwamba yuko kazini. Ili kujirudisha kwenye uafisa, akavuta picha karibu, karibu tena, mpaka benchi likajaza kioo chote.

— Hatupo, alisema Spana.

— Nani?

— Sisi! Benchi tupu. Tazama.

Kweli, lilikuwa tupu. Nahau akanyanyua mkono akaupungia mbingu, kisha akainama haraka kwenye kioo kujiona.

— Ni picha ya zamani, baba, imepigwa kutoka angani, alisema afisa. Haikuoni sasa.

— Benchi hili halijawahi kuwa tupu! Spana alichachamaa. Si zamani, si sasa. Hiyo siyo picha yetu. Huko angani wamejitengenezea mji wao unaofanana na huu, haukaliwi na mtu, na hilo ndilo benchi wanalotaka kuliondoa. Waliondoe! Waje na magari yao walibebe kutoka huko huko juu!

— Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, alisema Nahau, na kwa bahati mbaya methali ikafika mahali pake, hata mwenyewe akashtuka.

— Ni siku niliyokuwa naumwa, alisema Bi Birika taratibu. Sikuja. Mlikaa kidogo, mkaondoka mmoja mmoja.

Spana aliangalia kikombe chake.

Mama mmoja mgeni, mtoto mgongoni na kapu mkononi, alikuwa amesimama nyuma yetu akisubiri kupita, maana tulikuwa tumeziba njia kwa vichwa. Alichungulia kioo kwa adabu, akatazama chini miguuni pake, akatazama tena kioo.

— Samahani, wazee. Huo mstari mwekundu uko wapi hapa chini? Nisije nikaukanyaga.

Spana alimtazama Nahau. Sote tukamgeukia afisa. Afisa alikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena, kisha akaifunga kompyuta na kuangalia ardhi: vumbi, maganda ya karanga, ukingo wa mtaro.

— Sijui, mama, alisema. Pita tu.

Kilichotokea ni hiki. Mama alipita. Spana aliondoa matairi mabovu yaliyokuwa nyuma ya benchi, akashika ncha moja, afisa akashika nyingine, wakalisukuma mpaka kwenye ukuta wa duka. Afisa akaandika kwamba kizuizi kimeondolewa mahali kilipokuwa, akabandua karatasi kwenye nguzo, akakaa, akaagiza kahawa. Alikunywa na cha pili.