Uzi wa Kijani Shingoni mwa Chupa

Sogeeni wanangu, nawe binti yangu ziweke chini hizo karatasi za kiwanda, maana kabla hamjatia saini kesho, picha yangu ikabandikwa kwenye kila chupa kwamba mimi ndiye niliyebuni kinywaji chetu cha Kijani, kuna jambo limenikaa kooni miaka thelathini na moja, na pumzi niliyobaki nayo si ya kupoteza.

Pale baa nilipokuwa nikihudumu kaunta ujanani, hatukuwa na lebo. Kila chupa ilifungwa uzi shingoni, wa kijani ni ndimu, mwekundu ni tangawizi, na mkamuaji wetu wa matunda, mama mmoja tuliyemwita Bi Nanasi, alitazama uzi tu, mikono yake haikusimama. Siku ilipoletwa pombe moja ya mitishamba kwa mara ya kwanza, mimi kwa papara zangu nikavunja kizibo, nikaimimina kwenye chupa tupu ya ndimu, rangi zikafanana, na uzi sikuutoa. Uvivu tu, sina neno jingine. Yeye akachanganya nanasi, tui la nazi lenye sukari na hiyo aliyodhani ndimu, akapeleka jagi kwa wageni wa mchana, na mmoja wao alikuwa mzee asiyegusa kileo.

Meneja alikuja kaunta amefura, akauliza nani kafanya hivi, na mimi baba yenu, yule mama akinitazama, nikasema, "Ni yeye." Bi Nanasi akavua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka. Hata saa haijapita, wageni wengine wanagonga meza wanataka jagi la pili, na meneja karudi sauti imelainika, anauliza nani anaweza kukitengeneza tena kinywaji kile. Nikasema, "Mimi." Uongo mara mbili mchana mmoja, na huo wa pili ndio uliowalea ninyi.

Miaka ilipita, Bi Nanasi akaja pale baa kichwa kimejaa mvi, akaagiza glasi moja, akaonja, akasema bila hasira, "Bado hujaweka chumvi." Kumbe alikuwa akiinyunyiza kwenye nanasi, nami sikuwahi kumwona. Niliona aibu, wanangu, lakini kiburi kikanishinda. Radhi sikuomba, na chumvi sikuitia mpaka leo.

Usinikatize, mkubwa, najua utasema watu watatucheka. Wacha watucheke. Bi Nanasi anaishi nyuma ya soko la mitumba, nyumba yenye mlango wa bati. Nendeni wote wawili kabla ya kiwanda, mwambieni uzi niliuacha mimi. Msimpe bahasha mkadhani mmemaliza. Jina liwe lake, picha iwe yake, na akikataa, chaneni hizo karatasi.

Nipeni maji... basi, yatosha. Mungu awape mikono isiyo na papara, awape na kinywa cha kusema ni mimi pale inapouma. Chumvi kidogo tu, ya vidole vitatu... kwenye nanasi... aonje yeye kwanza. Mwambieni... nimeiweka.