Mama Poni na Gari Lililokataa Kuwaka Midia

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Mariam Poni anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya Shirika la Visima Mpakani hapa Arua. Alianza kwa kuosha filta. Anaondoka akiwa fundi mkuu, na mafundi aliowafunza wametapakaa hadi Koboko. Wengine wana gereji zao, lakini gari likiwashinda bado wanampigia simu.

Kila dereva aliyewahi kumletea gari lisilowaka anaujua utaratibu wake. Kwanza anakunyang'anya ufunguo. Kisha anakukatiza kabla hujamaliza kusema pampu imekufa: "Wewe usiambie mimi ugonjwa. Ambia mimi gari ilifanya nini." Baada ya hapo ni betri, stata, mafuta, umeme, kimoja kimoja, na hagusi cha pili mpaka cha kwanza kimejibu. Ukimharakisha, anaanza upya. Tulimnung'unikia sana kwa hilo, naye alifurahi kweli tukinung'unika.

Hata harusini hakuiacha kazi. Siku binti yake Nabila anaolewa, jenereta ilizimika na vijana wakaifungua vipande vipande. Mama Poni akaja amejifunga gurbaba yake mpya, vazi lake la sherehe, akauliza kama ina petroli. Haikuwa nayo.

Lakini mimi ninayeandika haya, dereva Kenneth Dramadri, nina sababu yangu ya kumshukuru. Mwaka 2016 gari langu lilikataa kuwaka huko Midia, karibu na mpaka, likavutwa hadi Arua. Stata ilizunguka vizuri, injini haikushika. Karakana nzima ikaamua kwamba nimeuza dizeli ya shirika na kujaza ya magendo iliyochanganywa na maji. Meneja wa wakati ule alikuwa tayari kunifukuza. Nilikaa kwenye benchi nikiwaza nitamwambia nini mke wangu Peace.

Mama Poni aliomba apime kwanza. Betri ilikuwa nzima. Akamimina dizeli ya kwenye filta ndani ya chupa inayoonyesha, akaiacha itulie: safi, bila tone la maji. Akalegeza mrija unaotoka kwenye pampu, akakuta mafuta hayapiti. Akachukua taa ya kupimia, akagundua kuwa umeme wa kuifungua pampu hauifikii. Akaufuata waya mpaka chini ya kiti changu. Hapo palikuwa na swichi ndogo tusiyoijua, imebanwa na kuzimwa na mfuko wa muhogo mkavu niliousukumia chini ya kiti nikiwa Midia.

Aliyeiweka swichi hiyo ni Mzee Nasur, dereva aliyenitangulia, kwa kuogopa wezi wa mpakani, kisha akastaafu bila kumwambia mtu. Alipopigiwa simu alishangaa kuulizwa: "Kama mimi nalisema, hiyo iko siri tena?"

Karakana ilicheka. Mimi nililia, na sioni aibu kuliandika hilo. Meneja aliniomba radhi mbele ya wote, maana Mama Poni alisimama pale pale akimngoja aombe.

Mama Poni, asante kwa kila gari na kwa kila dereva. Mungu akujalie afya, usingizi wa asubuhi, na majirani wenye magari mazima. Bila wewe ningetoka lango hili nikiitwa mwizi. Sasa unatoka wewe, kwa heshima zako zote, na mimi ndiye nitakayekupeleka kwa gari hadi nyumbani Koboko.