Bi Mwanamwema Shee, Mchoraji wa Milima ya Theluji

Ijumaa ya tarehe 30 Januari 2026, Bi Mwanamwema Shee anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha michoro cha kiwanda chetu cha uchapaji hapa Bladensburg, ughaibuni. Ukurasa huu umeandikwa kwa Kiswahili kwa amri yake. Wajukuu wake watajibu kwa Kiingereza kama kawaida yao, lakini kusikia watasikia.

Kazi yake ni ramani za vituo vya kuteleza kwenye theluji, zile zinazomwonyesha mgeni njia za kushukia mlimani: kijani kwa wanaoanza, buluu kwa waliozoea, nyeusi kwa wasiojipenda. Alipoanza, mlima mzima ulichorwa kwa brashi. Mzaliwa huyu wa Lamu aliijaza ramani yake ya kwanza theluji nyeupe pe, mlima ukawa kama shuka iliyoanikwa. Akapelekwa mlimani kuangalia, akarudi na mafua na habari kwamba theluji ya kivulini ni ya buluu. Kwa vivuli, tangu hapo hajapata mpinzani.

Matangazo ya vituo hivyo siku hizo yalikuwa kijana anaruka jabali, basi. Bi Mwanamwema akawaambia wateja wetu, wenye vituo, kwamba jabali linamtisha mama, na mama ndiye anayeamua familia iende wapi. Akachora akina mama na watoto wakianguka na kucheka, mmoja amevaa hijabu. Leo wateja wetu wote wanatangaza hivyo, utadhani walizaliwa na wazo hilo.

Kisha mteja wetu mkubwa akataka njia moja nyeusi ipakwe kijani, ili mlima uonekane wa familia. Bi Mwanamwema akagoma. Mteja akatishia kuhama, na angehama, chumba cha michoro kingefungwa, nami nilikuwa mgeni kazini. Meneja wetu, Cheryl, alimsihi sana Bi Mwanamwema akubali. Akajibu kwamba ataishuka njia hiyo mwenyewe mbele ya mteja, na akifika chini bila kuanguka ataipaka kijani. Tukaenda. Hakufika mbali. Alivunjika mkono wa kulia, ule wa kuchorea.

Mteja alibaki, na njia ikabaki nyeusi. Ramani ya msimu ule aliichora kwa mkono wa kushoto. Mlima umepinda kidogo, na hakuna kazi tunayojivunia zaidi.

Zikaja kompyuta, zikaja ramani za simu. Alijifunza zote huku akinung'unika, na rangi za njia akazilinda vilevile.

Msimu uliopita nilimpeleka binti yangu mlima uleule. Alifika njia panda, akatazama simu, akaona nyeusi, akageukia kijani. Hajui nani aliyemgeuza. Mimi najua.

Asante, Bi Mwanamwema. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi, na miaka mingi mbali na baridi.

Kiplagat, chumba cha michoro